Aorta imepasuka, mimi nabishana na daktari kwa sababu ya mama mkwe

Wakuu, salaam. Wale wa kuita kila uzi chai, leo pumzikeni: mwenye mshipa uliopasuka ndiye anayeandika. Ila picha msiniombe, mtaelewa mbele.

Nipo Durban, naendesha forklift kwenye godown moja Mobeni. Asubuhi moja jirani yangu Papa Dieudonné, Mkongo mwenye saluni, alinipa lift. Tumesimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, lori likatubamiza upande wangu.

Yeye hata mkwaruzo hakupata. Mimi kifua na mgongo viliuma, lakini nikawa nang'ang'ania kwenda kazini. Ambulance ikanipakia kwa lazima.

Hospitali wakanipiga CT scan. Daktari, dada mmoja mpole, akasema aorta imechanika. Huo ndio mshipa mkubwa unaotoa damu kwenye moyo. Damu ilikuwa imezuiwa na kiutando chembamba tu, kikiachia, kwaheri.

Akanipa na habari njema: hatupasui kifua. Tunatoboa kinenani, pale paja linapoanzia, tunapitisha waya mpaka juu, tunaweka stent, kibomba cha waya chenye kitambaa, kizibe palipochanika.

Wakuu, hapo ujinga wangu ukajitokeza.

Mama mkwe alikuwa kwangu, katoka Tanga kuja kutulelea mtoto. Huyu mama hampi mgonjwa pole mpaka aone kidonda. Na kwetu mama mkwe hata akuone na vest ni aibu. Sasa kinena?

Nikamwambia, "Doctor, please, open the chest."

Akadhani nimegongwa na kichwani pia. Kifo kipo mlangoni, mimi nachagua kovu likae wapi.

Papa Dieudonné, aliyenifuata hospitali, nilipomweleza sababu akashika kichwa. "Eish, Baba Salma! Unataka kufa juu ya belle-mère? Signe, mon frère, signe!"

Mke wangu Zuhura akafika anahema. Akanishikisha kalamu. "Saini. Mama niachie mimi." Akanishikia na karatasi, na hapo ndipo niliogopa kweli. Nikasaini.

Nilizinduka kifua kizima, kinenani plasta ndogo tu.

Kesho yake mchana mama mkwe akaingia. "Kidonda kiko wapi?"

Zuhura akanivutia shuka mpaka shingoni. Papa Dieudonné, kwa nia njema kabisa, akajibu kwa sauti ya saluni: "Mama, kidonda iko, lakini iko chini kabisa, mambo ya bibi yake tu!"

Bibi kwao Kongo ni mke. Nashukuru wodi nzima ilikuwa ya Wazulu.

Mama mkwe akageukia ukutani, kanga usoni, mabega yanatikisika. Nikajua ananicheka. Kumbe analia.

"Mwanangu," akasema bila kugeuka, "nimeona shuka linapanda na kushuka kifuani, unapumua. Kidonda cha nini tena? Pole."

Nililia kama mtoto, sifichi.

Funzo: ukigongwa kifuani usijipime mwenyewe, nenda hospitali. Na daktari akishachagua njia, mpishe apite.

Wenye wakwe, shukeni na yenu hapa chini. Na wewe uliyeanza kuandika "weka picha", kama mama mkwe hakuona, wewe nani?