Ulimi Niliomwazima Bibi

Juzi nilikuwa mtaa wa Kamenge kwa kaka yangu, tumekaa mkekani tunakula cha mchana, mara binti yake wa mwisho akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza panya aliyekufa. Sahanini kulikuwa na ugali na sukuma. Mama yake akamkazia macho, kisha akanigeukia mimi kuomba msaada. "Wifi, umuambie basi, mi amenishinda." Mtoto naye akaniangalia usoni na kuniuliza, bila utundu wowote, "Shangazi, we unasikiaka iko tamu kweli?"

Nilinyanyuka nikaenda jikoni. Nikafunua sufuria ya watu, nikakoroga, nikaonja, nikaongeza chumvi bila ruhusa, nikarudi nikaketi, nikanyanyuka tena kutafuta limau. Wanaonijua wameshazoea. Mume wangu husema nakula kama mlinzi wa zamu, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Nilipotulia kidogo nikamwambia mtoto kwamba mimi si mtu wa kuulizwa swali hilo, na nikabadilisha maneno. Lakini nawe rafiki yangu sitakuficha. Kuonja mboga hiyo kuliwahi kuwa kazi yangu, na palikuwa na mtu aliyekuwa na mengi ya kupoteza nikikosea jibu.

Tuliishi Buyenzi, kwenye avenyu ambayo kila nyumba ya tatu ilikuwa gereji. Baba alikuwa fundi magari na mama aliuza vitenge sokoni. Kuanzia alfajiri kulikuwa na nyundo juu ya bati, injini zinazokohoa, harufu ya oili iliyomwagika vumbini, na katikati ya kelele zote hizo adhana. Jiko letu lilikuwa kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, limejaa moshi mpaka kwenye pembe, na mwenye jiko alikuwa bibi, mama yake baba.

Bibi alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na hakuwa na mali yoyote. Alikuwa na jina tu. Kukiwa na maulidi, harusi au kisomo cha marehemu katika avenyu zetu, wanaume walipika pilau na nyama kwenye masufuria makubwa uani, lakini mboga ziliachwa mpaka bibi aitwe. Alikuwa akiutwaa mwiko wake ukutani na kuondoka, akiwatangulia hata wale waliotumwa kumwita. Akifika, wanawake walimsogezea kigoda. Mjane asiye na duka wala shamba, lakini pale motoni watu wazima walingoja aseme.

Mboga yenyewe iliyompa jina ilikuwa sukuma. Lengalenga, mchicha wa kwetu, hata asiyejua kupika ataipika na italika. Sombe, majani ya muhogo, ina heshima yake, ukiipa mawese na muda wa kutosha itakushukuru yenyewe. Sukuma ni kaidi. Ukiichemsha sana inanuka kama nguo iliyosahaulika kwenye beseni. Ukiiwahisha kuipua, unatafuna mpaka taya zinauma, na uchungu unabaki nyuma ya ulimi mpaka wakati wa kulala. Nilipokuwa na miaka minane au tisa niliichukia kwa roho yangu yote. Niliificha chini ya ugali, niliwapa kuku, na mara moja niliitia kwenye kiatu cha baba.

Basi ukaja mwezi wa Ramadhani, na ndipo nilipopewa kazi. Kwa watu waliofunga, mpishi anahitaji mdomo usiofunga, na nyumba nyingi za Buyenzi zilikuwa na mtoto wa kuonja. Kwetu nilikuwa mimi. Nikiwa nje naruka kamba, zamu yangu ndiyo kwanza imefika, nasikia sauti kutoka nyuma ya nyumba, "We, kuja uonje!" Nakimbia, naonja, nakunja uso, narudi, kamba imeshachukuliwa. Sijaisubiri zamu nyingine, naitwa tena. Alasiri zile zote zilikuwa za kwenda na kurudi, jasho na moshi, sichezi nikamaliza wala siketi nikatulia. Nadhani miguu yangu iliharibika tangu wakati ule.

Bibi hakuwahi kuniuliza kama ni tamu. Aliuliza, "Inakosa nini?" Nami kwa chuki yangu nilikuwa na jibu kila mara. Iko ngumu, nikasema, na kesho yake akaanza kuuchomoa ule mshipa wa katikati na kukata majani membamba kama nyuzi. Iko chungu, nikasema, akayafikicha kwa chumvi mpaka yakatoa maji ya kijani, akayaosha na kuyakamua. Inanuka, nikasema, akaacha kuchemsha kabisa, akawa anachoma kitunguu ndani ya mawese mpaka kinakuwa chekundu, ndipo majani yanaingia kwa muda mfupi tu na moto mkali. Niliposema haina maana, akaponda karanga. Niliposema karanga zimeifanya nzito, akakaanga ndagala kavu, dagaa wa ziwani, na kuzivunjavunja juu. Limau alilitia mapema, majani yakapoteza rangi, nikasema inaonekana mgonjwa. Tangu siku hiyo limau lilikamuliwa sufuria ikiwa imeshashuka chini. Hakukasirika hata mara moja. Alisikiliza kama anavyosikiliza fundi anayeambiwa gari inalia wapi.

Idi ikapita. Nikajua nimepumzika. Siku ya tatu nikaitwa tena, nami nikaenda nimenuna.

"Bibi, Ramadhani imeisha. Si uonje wewe mwenyewe?"

Akachungulia uani kuona kama mama yupo. Kisha akachota chumvi kwa vidole, chumvi ya kutosha sufuria nzima, akaitia mdomoni. Mimi ndiye niliyekunja uso. Wake haukubadilika.

"Tangu ile homa ya mwaka jana, mi sisikii tena kitu mu kinywa," akasema. "Chumvi, sukari, pilipili, vyote ni maji. Mama yako akijua atasema nipumuzike. Na mi nikipumuzika, nitakuwa nani hapa? Muzee wa kukaa mulangoni tu."

Nikamuuliza kwa nini asimchukue mtoto mwingine, anayependa mboga.

"Apana. Mwenye kuipenda anaisamehe. We hauisamehe. Ndiyo ninakutaka."

Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba nimekabidhiwa kitu kinachovunjika. Kuanzia hapo nilikwenda naye kila alikoitwa. Watu walidhani ni mjukuu anayependa shughuli. Nilikaa karibu na sufuria, nikaonja kwa kijiko kidogo, nikamnong'oneza, naye akasema kwa sauti, "Chumvi ipunguzwe," na wanawake wakaitikia kwa vichwa. Wenzangu walikuwa wanakimbizana kati ya viti, mimi nimesimama nyuma ya pazia natazama midomo ya wageni. Wakiongeza mboga mara ya pili, napumua. Mke wa mfanyabiashara jirani yetu, mmoja wa wale wenye asili ya Oman waliokuwa na duka la vitambaa, alikuwa hali majani yoyote. Siku moja hata yeye akarudisha bakuli tupu na kutuma salamu kwamba kama kuna iliyobaki, asisahauliwe. Bibi siku hiyo aliimba jikoni. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha iliyochoka namna ile.

Sasa sikiliza balaa lilivyoingia, maana liliingia taratibu. Sijui ni siku gani. Najua tu kwamba mchana mmoja nilijikuta nikifuta sufuria kwa tonge la ugali, nikilamba na vidole, na bibi ananitazama.

"Inakosa nini?"

"Haikosi kitu."

Kesho yake tena haikukosa kitu, na kesho kutwa. Mimi nilifikiri tumekuwa mafundi. Bibi hakufurahi nilivyotegemea. Alianza kurudia swali, "Onja tena. Tafuta muzuri." Alizunguka jikoni, akainua mfuniko, akaurudisha, akanusa, akanitazama mdomoni. Mimi nilikuwa nasubiri aseme nichukue kijiko cha pili.

Ikafika maulidi nyumbani kwa yule yule mfanyabiashara. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi. Mwanamke wa mtaa wa Kinama aliyetuletea majani kichwani alikuwa na kapu la sukuma iliyokomaa kwa jua, majani mazito, yenye uchungu uliokusanyika kwa miezi. Wageni walikuwa wengi na maji machache, kwa hiyo ile chumvi ya kufikichia haikuoshwa vizuri. Nilionja. Leo najua nilichokionja. Kilikuwa kichungu na chumvi imezidi. Lakini nilikuwa nimeshaupenda ule uchungu, niliuona kama mtu wa nyumbani, na kinywa changu kilitaka zaidi. Nikamnong'oneza, "Haikosi kitu, bibi."

Sahani zikaanza kurudi. Pilau imeisha, nyama imeisha, na pembeni ya kila sahani kuna kilima cha kijani kimesogezwa kando. Sahani moja, nyingine, beseni zima. Bibi alisimama na mwiko wake mkononi, akiziangalia zinavyopita. Akachukua jani kutoka kwenye mojawapo, akalitafuna polepole, akatafuna sana, kama anayeweza kulilazimisha limwambie kitu. Mwenye nyumba akaja, mwanamke mpole wa watu, akamshika bega. "Bibi, leo umechoka. Si kitu." Nilitamani amgombeze. Upole ule uliniuma kuliko matusi.

Mama alikuwa pale akiosha vyombo. Akaonja, akamtazama bibi, akamtazama akionja jani la pili bila hata kukunja uso, na akajua. Akarudi kwenye vyombo vyake. Lakini tulipokuwa tunarudi nyumbani, mama ndiye aliyebeba mwiko.

Njiani bibi alinishika mkono. Nilikuwa nalia kimya kimya, kamasi zinanitoka.

"Umeanza kuipenda?" akaniuliza.

"Ndiyo, bibi."

"Tangu lini?"

"Sijui."

Akatembea kidogo, akasimama, akatembea tena. "Basi tulikuwa tunaipika muzuri," akasema.

Kuanzia siku hiyo mama alipika. Bibi aliachiwa kuchambua majani, akikaa mlangoni kama alivyoogopa. Hakutulia. Alihamisha mkeka kutoka mlangoni mpaka chini ya dirisha, kutoka dirishani mpaka karibu na jiko, akakunja miguu, akaikunjua, akauliza kama moto ni mkali. Waliokuja kuita mpishi wa mboga walimwita mama, naye alienda akiwa na haya, kama anavaa nguo ya mtu. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba maji ya kunywa.

Kilichombakia kilikuwa chakula cha mchana. Tulikaa naye sahani moja, na kabla ya kutia tonge mdomoni aliniambia, "Nambie inakuwaje." Mwanzoni nilikuwa na maneno machache, chungu, chumvi, sawa. Hakuridhika. Ikabidi nitafute. Nikamwambia mawese yameshika moshi kidogo, kama kwenye nyumba ya jirani anapochoma mahindi. Nikamwambia karanga zinachelewa, zinakuja baada ya kumeza. Nikamwambia limau linapiga pembeni, karibu na masikio. Alifumba macho, akatafuna kwa mwendo wa maneno yangu, na nilipomaliza ndipo alipomeza. Nikinyamaza mapema, alingoja na tonge shavuni. Mara nyingine alimwita mama na kumwambia kitunguu kimetoka motoni haraka, na mama alishangaa, maana ilikuwa kweli.

Siku moja, tayari hatoki tena kitandani, nilimlisha kwa mkono wangu, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Hii iko chungu." Mama akaacha kufagia. Ilikuwa chungu kweli. Sikumuuliza kama aliisikia au aliisoma usoni mwangu. Niliogopa jibu lolote kati ya hayo mawili, kwa hiyo nilimpa tonge lingine, naye akala mpaka mwisho.

Nyumba ile haipo. Wamejenga ghala la saruji na lango la chuma kutoka ukuta mpaka ukuta, na pale palipokuwa na jiko letu wanapanga magunia. Nimejaribu kusikia harufu ya pale nikipita, nimepita mara nyingi kuliko inavyofaa, na mlinzi ameanza kunitilia shaka. Wanawake wenye makapu wanaotoka Kinama bado wapo, sukuma ipo, mawese yapo, nami naipika vizuri, watu wananisifu. Wanakula huku wanaongea mambo yao, wanatafuna na kumeza. Tangu bibi azikwe sijaona mtu anayeshikilia tonge mdomoni akinisubiri nimalize kusema.