Salamu za Coletha Kando ya Reli

Saa kumi na moja alfajiri, pembezoni mwa Isaka. Giza bado zito, na mwanamke mnene aliyejifunga kitenge anatembea upesi kando ya reli. Kila anapopita nyumba anapaza sauti kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma: "Mwangaluka." Hakuna anayeitikia. Ndani ya nyumba moja mtu anakohoa, kisha anakibana kikohozi.

Huyo ni Coletha Masele, Mama Juliana, anayewapikia ugali madereva wa malori. Mwaka jana magoti yalimuuma hadi akashindwa kusimama jikoni, akaenda hospitali kupimwa damu.

"Nesi aliniambia mafuta haya ya mwilini yanawasha moto ndani kwa ndani," anasema. "Damu ilionyesha uvimbe ambao mimi siuoni. Akasema nitembee kila siku, nihemeheme kidogo, moto utashuka."

Akaanza, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alijikimbiza mno, pumzi ikamkatika, akawa anawapita waliomsalimu bila kuitikia. Huku, anayepita gizani asiitikie salamu ni msukule, maiti anayetumikishwa na wachawi. Alipoanza kupungua mwili, ndio kabisa.

"Jirani yangu Hosiana, mnene mwenzangu, alimwaga majivu mlangoni kwangu. Kulipokucha majirani wakaja kuchungulia kama nimeacha nyayo, maana wanasema msukule haachi nyayo. Nililia siku nzima."

Wateja wenyeji wakamkimbia, wakabaki madereva wapita njia. Bintiye akamsihi aache kutembea, naye akaacha. Magoti yakarudia kuuma, kipimo cha uvimbe kikapanda tena.

Nesi Scolastika, yule aliyemshauri, alipoisikia habari hiyo alicheka, kisha uso ukambadilika.

"Nilimwambia apunguze mwendo. Mwendo mzuri ni ule ambao ukiwa nao unaweza kumsalimia mtu, ila kumwimbia huwezi," anasema.

Tangu hapo Coletha anatembea tena, na husalimia kila mlango, kwa ajili ya pumzi na kwa ajili ya usalama wake. Kipimo cha mwezi uliopita kimeshuka. Salamu bado hazirudi, na inauma kumtazama.

"Natamani Hosiana aniitikie, basi," anasema. "Nikifa kweli, nani atanizika kama wanaamini nilishakufa?"

Nyumba ya mwisho ni ya Hosiana. "Mwangaluka, mayu," Coletha anamwita, yaani mama. Anapita.

Nyuma yake komeo linalia. Nyayo zinamfuata mchangani, nzito, za mtu mwenye magoti mabovu. Coletha hageuki.

"Mwangaluka, Mama Juliana," sauti inasema, ikihema. "Punguza mwendo."