Muhuri wa Hekalu Kwenye Mkono Wangu

Mimi si mtu wa kutunga. Shule niliiachia darasa la sita, hadithi za kubuni sijui hata zinaanzia wapi. Hiki ninachokuandikia kimenipata mwenyewe, mchana kweupe, Doha, nikiwa na akili zangu timamu. Usiponiamini, shauri yako.

Lakini kwanza ujue unaongea na nani. Nilifika Qatar nikiwa mlinzi wa geti, nalala kitanda cha juu katika kambi ya Industrial Area. Leo nina kampuni: pikapu zenye jina langu ubavuni kwa herufi nyekundu, na sanduku la posta la kampuni. Tunahamisha vyombo na kusafisha nyumba zilizoachwa. Watu wenye digrii zao wananiita bosi.

Ijumaa ninayokusimulia, mji mpya wa Lusail, nje kidogo ya Doha, bado ulikuwa kreni na vumbi tupu. Jioni nilikuwa nasafiri. Mama alikuwa hoi kwetu Kitui, na dada yangu alinipigia akisema, "Anakuita wewe tu. Njoo umuone angali anakutambua." Kafili, yule Mqatari mdhamini wangu, alishanipa kibali cha kutoka nchini, na tiketi ilikuwa mfukoni. Ilibaki kazi ndogo tu, kutoa vyombo vya Mhindi mmoja mtaa wa Al Sadd, ghorofa ya pili. Dereva wangu Wasswa, Mganda mwenye maneno mengi, hakutaka kuacha kiyoyozi.

"Panda wewe, bosi. Mimi nalinda gari."

"Doha nani atakuibia gari, wewe mvivu?"

"Jua, bosi. Nalilinda lisiibwe na jua."

Nikapanda nikicheka. Nilikuwa nimeambiwa nyumba haina mtu.

Mtu alikuwemo. Mzee wa Kihindi, shati jeupe, vifungo hadi shingoni, ameketi mezani kama anayenisubiri. Chumba kilinuka kafuri. Mbele yake kulikuwa na bahasha nyingi, kila moja na stempu, na juu ya stempu muhuri mweusi wa posta. Sio ule wa duara tupu unaoujua. Huu ulikuwa na picha: mnara wa hekalu unaopanda tabaka kwa tabaka, umejaa sanamu, na bwawa la maji chini yake.

Tuliongea kile Kiarabu cha vibarua ambacho Doha nzima inakitumia.

"Hili ni hekalu la mji wetu, sadiq, rafiki yangu," alisema. "La kale sana. Posta ya pale ina muhuri wake. Barua ikipigwa picha hii, kila mtu anajua imetoka kwetu." Akanisogezea bahasha moja ambayo haikuwa na muhuri. Anwani ilikuwa imeandikwa vizuri. "Nigongee hii. Mkono wangu umekosa uzito."

Akanionyesha. Alichukua muhuri wenye mpini wa mbao, akaushusha kwenye karatasi tupu, akaukandamiza. Karatasi ilibaki nyeupe.

Ningejiuliza muhuri wa posta ya India unafanya nini Al Sadd, sivyo? Sikujiuliza. Nilijiona fundi. "Mzee, mimi nimegonga pasi za geti miaka na miaka. Tazama kazi." Na kama mlinzi yeyote afanyavyo kupima wino, nikaugonga kwanza mgongoni mwa mkono wangu. Pap! Hekalu likatokea safi, hadi mawimbi ya bwawa. Kisha nikaigonga bahasha yake.

Mzee hakuitazama bahasha. Alikuwa anautazama mkono wangu.

"Umejigonga mwenyewe? Bila anwani?"

Nikamwambia nina haraka, vyombo vitatolewa na vijana wangu. Nikafungua mlango, nikashuka ngazi, nikafungua mlango wa chini. Nikaingia chumba kilekile. Kafuri, meza, mzee. Nikarudi nikashuka mbio. Chumba kilekile. Dirishani niliiona pikapu, na Wasswa anasinzia, mdomo wazi. Nilipiga kioo mpaka vidole vikavimba. Nilipiga simu, ikaita, naye akaamka, akaitazama simu yake na kulala tena. Mimi mwanamume niliyelinda maghala peke yangu, niamini, nilikaa sakafuni nikaita jina la mama.

"Kilichogongwa muhuri lazima kiende mahali," mzee alisema taratibu. "Wewe hujaandikwa unakokwenda. Andika. Kwenu wapi?"

Akanipa kalamu. Kwetu barua hupitia sanduku la shule ya msingi, halafu mtoto wa jirani anaipeleka nyumbani. Sasa bosi mzima niandike "kupitia shule ya msingi"? Nikaandika mkononi, chini ya hekalu, kwa herufi kubwa, jina la kampuni yangu na sanduku lake la posta, Doha.

Mzee alisoma, akanitazama kama mtu anayetazama maiti. "Khalas, basi imekwisha," akasema. Akaichukua bahasha yake, na nilipopepesa macho kiti kilikuwa kitupu. Mlango ukafunguka, nikatoka. Baadaye bawabu aliniambia mpangaji wa nyumba ile, mzee wa Kihindi, alikuwa amekufa hospitalini siku nyingi kabla, na maiti ilikuwa imekwama kwa kukosa muhuri kwenye makaratasi. Ijumaa ileile ilisafirishwa kwao.

Mimi je? Jioni nilipita ukaguzi wote. Kwenye mlango wa ndege, mguu wa kwanza nilikanyaga zulia, wa pili nikakanyaga vigae. Nikainua macho. Nilikuwa posta, Doha, mbele ya sanduku la kampuni yangu, begi mkononi.

"Bosi, si ulisafiri?" Wasswa aliuliza alipokuja kunichukua.

"Nyamaza uendeshe."

Nimejaribu ndege nyingine. Nimejaribu barabara ya Saudia. Naishia palepale. Mama alizikwa nikiangalia kwenye simu, dada ameinua yake juu ya kaburi. Watu wa kijijini wanasema pesa imenilevya. Nimejenga nyumba pale, ya mawe, hakuna inayoifikia. Mlango wake sijaugusa.

Wino ulishatoka kwa kuosha. Mimi bado niko hapa.

Kwa hiyo wewe unayesoma, ukipewa muhuri wa hekalu, gonga karatasi uliyopewa, mwili wako uache. Na ukiulizwa kwenu ni wapi, usijibu kwa majivuno. Fikiri kwanza ni nani anayekusubiri.