Nilihamisha Alama ya Ndege, Lawama Akabeba Mzee wa Watu

Jamani, mwenye makosa ni mimi! Siyo upepo, siyo mzee Masanja, wala siyo dawa ya mtu yeyote. Jina langu niacheni nalo, maana huku kwetu Shinyanga nikilitaja tu mtajua mpaka nimeoa kwa nani.

Wanaume wengine wana nyumba ndogo. Mimi nina ndege. Nimekulia Ibadakuli, jirani na uwanja wa ndege, na ugonjwa huo ulinipata huko. Nikaunda ya kwangu ya kuchezea, ya mabawa mawili, moja juu na jingine chini, injini nimeitoa kwenye mashine ya kufyekea majani, naiendesha kwa rimoti. Kubwa! Ukiilaza kitandani, mabawa yanatokeza pande zote na mwenye kitanda analala chini.

Baba mkwe wangu ni kiongozi wa ngoma. Kwetu Usukumani mashindano ya ngoma hayana refa. Vikundi viwili vinacheza kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, na atakayevuta watu wengi ndiye mshindi. Kwa hiyo kila upande unaleta vituko vyake: chatu, vinyago, na dawa za kuvuta watu, hilo wala hatufichani. Mpinzani wake ni mzee Masanja, rafiki yake tangu wanachunga ng'ombe.

Mwaka huu baba mkwe akaniita. "Mkwe, ile ndege yako ije icheze na sisi. Na kile kinyago chetu cha mpiga ngoma kipande humo." Mkwe wako akikuomba kitu, utasema nini? Nikakichomeka kile kinyago kiti cha nyuma.

Sasa hapa ndipo nilipoharibu. Ndege ina mahali pake pa kubebea uzito, na ya mabawa mawili ni ya kupiga hesabu, maana bawa la juu limetangulia la chini. Mimi mahali hapo nilishapatafuta kwa jasho, nikapaka alama nyekundu. Ukifunga kamba kwenye alama ukaining'iniza, inatakiwa itulie sawa, au pua ishuke kidogo. Mkia ukishuka, usithubutu kuirusha!

Nikaining'iniza kwenye boriti ya jiko. Mke wangu, mama Kulwa, akachungulia. "Baba Kulwa, mbona mkia umeshuka?"

Dawa yake ilikuwa kuongeza uzito puani. Lakini nilikuwa na haraka, na sikutaka kufundishwa na mtu mwenye mwiko mkononi. Nikafuta alama yangu, nikaisogeza kamba nyuma mpaka ndege ikatulia, nikapaka alama mpya. "Haya, bado imeshuka?" Akarudi kwenye sufuria yake. Mjinga mimi, nikadhani nimeshinda.

Siku ya siku, ngoma zinalia, nikaiwasha. Ikaondoka, watu wote wakaja upande wetu mbio, vigelegele! Baba mkwe alinyoosha shingo kwa fahari. Halafu pua ikaanza kupanda, inapanda tu kama mbuzi anayefuata majani ya juu. Nabonyeza rimoti, wapi! Ikasimama hewani, ikalala ubavu, ikaanguka kwenye mabua ya mtama. Watu walicheka mpaka wakaishia upande wa Masanja, na huko ndiko walikobaki.

Baba mkwe akanifuata. "Mkwe, imekuwaje?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Mdomo ukatoa mengine kabisa: "Baba, hii siyo bure. Kuna mkono wa mtu."

Ewe ulimi wangu, nani alikutuma?

Mganga wa kikundi akaitwa, na kila mtu akajisemea mkono huo ni wa mpinzani, mzee Masanja. Mimi nikaogeshwa majani machungu wiki nzima, na bado nilistahili zaidi. Ndege nayo, nikishaiunga, ikachanjwa kwa wembe puani. Halafu mganga akafunga pembe pale pale puani, pembe nzito, imejaa dawa na vipande vya chuma. Nikaenda kuining'iniza kwa alama ya zamani, maana doa lake lilikuwa bado linaonekana. Ikatulia sawasawa. Kumbe ni ule ule uzito wa puani nilioukataa!

Mechi ya marudiano, ndege ikaruka kama mwewe. Tukashinda. Na ushindi huo ndio uliommaliza mzee Masanja, maana kila mtu sasa ana ushahidi: ilirogwa, imeaguliwa, imepona! Kutia dawa ya kuvuta watu ni mchezo. Kuambiwa una mkono wa kuangusha vitu vya wenzio ni jambo jingine, na kwetu limeshawahamisha wazee makwao. Akikaa kwenye benchi la dukani, watu wanakumbuka wana safari. Baba mkwe wangu akaacha kumwitikia salamu.

Siku moja nikakutana na mzee Masanja kwenye mashine ya kusaga, kabeba debe lake la mahindi mwenyewe. "Shikamoo, mzee." Hakujibu marahaba. Akasema, "Ng'wana wane, mwanangu, nilikukosea nini?"

Sikulala. Mama Kulwa akasema, "Utamwambia baba, au niende mimi?"

Nikawakutanisha wazee wote wawili uani kwa baba mkwe, nikaining'iniza ndege mbele yao kwa alama ya zamani. Na pembe, imetulia. Nikaitoa pembe, mkia chini. Nikafunga jembe la mama mkwe puani, ikatulia tena. Nikaeleza yote, macho yangu yako kwenye jembe.

Baba mkwe akauliza, "Kwa hiyo mganga wetu ni jembe?"

Mzee Masanja naye akanisogelea. "Na ile dawa niliyomwaga uwanjani siku ile?"

"Haikuhusika, mzee."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Akanuna kabisa! Baba mkwe akaangua kicheko, mwenzie akafuata, wakashikana mabega machozi yanawatoka. Na mimi nikacheka. Wakanyamaza papo hapo. "Wewe unacheka nini?"

Hukumu yangu hii hapa. Mashindano yajayo nitavaa nguo za kinyago, nicheze peke yangu katikati ya vikundi vyote viwili, kisha niseme kwa sauti nilichofanya, mpaka wale wa kwenye benchi wasikie. Hapa kwenu nafanya mazoezi tu.

Ndugu zangu, kitu chochote ukihamisha kamba kitatulia, hata uongo. Mkia ukishuka, sema umeshuka. Mimi nilikataa kuongeza uzito kidogo puani, mzee wa watu akaubeba mabegani.