Bima Iliyowapokea Njiti Wangu

Ile siku niliyosimama kwenye dirisha la bima hapa Sumbawanga naikumbuka mpaka leo, mwanangu, maana upepo wa kipupwe ulikuwa ukisukuma vumbi hadi ndani ya ofisi, na sisi wa kwenye foleni tumejifunga vitenge mpaka masikioni. Nilikuwa mwalimu kijana wa shule ya msingi, nimeolewa na Shija, mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Laela. Miaka ilikuwa imepita bila mimba. Daktari aliona mirija yangu imeziba, akasema njia iliyobaki ni kupandikiza mimba, na kazi hiyo hufanyika Dar es Salaam.

Binti wa dirishani alisoma karatasi yangu, kisha akashusha sauti ili wengine wasisikie. Mungu ambariki kwa hilo.

"Mama, ukiugua tunalipa. Ukijifungua tunalipa. Kutafuta mtoto hakumo."

"Lakini mshahara wangu unakatwa kila mwezi."

"Najua, mama. Hakumo."

Nilirudi nyumbani, mtaa wa Izia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, walisema wahenga. Uchungu wa kumkosa hawakuutungia methali, labda kwa sababu walio nao hukaa kimya.

Baba mkwe wangu, Mzee Masanja, hakutuuliza mengi. Alipeleka ng'ombe mnadani, akampa Shija fedha, akasema, "Nendeni." Basi. Nami niliona aibu hata kumtazama usoni, maana mifugo ndiyo maisha yake.

Huko Dar, mbegu zetu ziliungwa maabara, vikapatikana viinitete vitatu. Daktari, mama mtu mzima, alitaka aniwekee kimoja tu, vingine vihifadhiwe kwa safari nyingine. Safari nyingine ilipiwe na nani? Mfa maji haachi kutapatapa.

"Weka vyote," nikamwambia.

"Tumbo la watoto watatu huwahi kufunguka, mwalimu. Wanazaliwa wachanga mno."

"Daktari, mimi sina mara ya pili."

Shija aliinamisha kichwa. Nikatia sahihi.

Vyote vikashika. Wanawake wenzangu wa jumuiya walikuja na uji wa ulezi na nyimbo. Nami, niliyezoea kukaa viti vya nyuma kwenye ubatizo wa watoto wa watu, nikajiona malkia. Furaha hiyo haikufika mwezi wa saba wa mimba. Uchungu ulinishika darasani, chaki mkononi.

Hospitali walinipokea kwa kadi ile ile ya bima. Upasuaji ukalipiwa, mashine ya joto, dawa, kitanda, vyote bila swali. Bima iliyokataa kunisaidia nimtafute mmoja ililipia watatu waliokuja kabla ya wakati. Njiti wangu walikuwa wadogo, ngozi yao nyembamba kama ganda la kitunguu. Msichana wa kwanza alifariki siku ile ile. Mvulana alijitahidi, wauguzi wakajitahidi naye, kisha akachoka nikiwa nimembeba kifuani, ngozi kwa ngozi. Nilihisi pumzi zake zikipungua, nikaendelea kumbeba. Aliyebaki ni Kalista, yule dada uliyemkuta jikoni ulipoingia. Mguu wake mmoja haujakubali kunyooka mpaka leo.

Tuliwazika Laela. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba nimetafuta watoto kwa mashine, mashine imewachukua. Mzee Masanja akamnyamazisha mbele za watu: "Anayelia hapa ni mama. Wewe ukae kimya." Wageni walipoondoka aliniita kando, nikapiga magoti kumpa shikamoo. Akauliza daktari alinishauri nini. Nikamweleza.

Akageuka kutazama zizi.

"Alitaka mmoja," akasema. "Ng'ombe wengine walikuwepo, mama. Kwa nini hukuniambia?"

Hakunigombeza zaidi ya hapo, na sikuwahi kupigwa fimbo iliyouma kama swali lile.

Mwanangu, wewe uliyenijia kwa shauri, unayemeza dawa za kutafuta mimba kwa siri na kuwadanganya mawifi kwamba ni za tumbo, nisikilize. Kuuliza si ujinga. Kabla hujapanda basi kwenda kutafuta mtoto, uliza kadi yako inabeba nini na itakuacha wapi. Daktari akikushauri mmoja, usimjibu peke yako kwa hofu ya nauli. Rudi, waite wanaokupenda, waambie kinachopungua, hata kama uso utawaka kwa aibu. Huenda hawana. Huenda wanacho na wanasubiri uwaambie. Na mkipata nafasi mbele ya wakubwa wanaopanga bima, semeni hadharani kwamba kumnyima mtu mwanzoni hakuzuii gharama, kunaisogeza tu mpaka wodini, na sehemu yake nyingine hulipwa makaburini.

Mungu akujalie mmoja, akomae tumboni, alie kwa nguvu mpaka majirani waamke. Na asipokujalia, akupe nyumba ambayo jina lako litaitwa kwa upendo hata bila kuitwa mama fulani. Amina.