Pesa za Wazee na Eda ya Mama

Kwenye baraza la chifu hapa Mbwajumali, mimi ndiye niliyesimama. Sikutumwa na mtu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na walikuwa wamenitia kwenye kamati ya kukagua orodha ya pesa za wazee, zile zinazotolewa na serikali. Nilikuwa nimechoka na upuuzi. Usajili uliotangulia maafisa walipita nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja alikaa nyuma ya pazia na buibui lake, akaitikia jina la dada yake aliyekwisha kuzikwa. Kijiji kizima chajua, na kimya!

Basi nikasema: safari hii hakuna kufuatwa majumbani. Kila mzee afike mezani, uso wazi, apigwe picha mbele ya kamati. Watu wakapiga makofi. Afisa, kijana wa bara, akaandika. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Wiki tatu kabla ya usajili, baba akafariki. Pesa zilikuwa kwa jina lake, na ndizo zilizokuwa zikimnunulia mama dawa za presha. Sasa mama alitakiwa aandikwe kwa jina lake mwenyewe. Lakini mama yuko eda, miezi minne na siku kumi hatoki, na meza ya afisa ilikuwa ya siku mbili tu, kisha ivuke kwenda kisiwa cha Ndau.

Nikamwomba afisa aje na mashine yake nyumbani. Si mbali, hata jasho hutoki.

"Ningekuja, mwalimu," akasema, wala hakuwa akinicheka. "Lakini nyinyi wenyewe mlikataa."

Mwenzangu wa kamati akadakia, "Tukimwendea mamako, kesho tutamwambia nini mwingine?" Wallahi nilitamani kumrushia kiti. Maneno yenyewe yalikuwa yangu.

Nikaenda kwa imamu. Akasema mwenye eda akiwa na haja hutoka mchana, dini si mateso. Nikarudi mbio kwa mama.

"Imamu kanena kweli," akasema. "Lakini babako hata mwezi hajatimiza kaburini, mimi nikakae mbele ya wanaume nipigwe picha? Siwezi, mwanangu. Wambie waningoje. Miezi minne si mingi."

"Na dawa, mama?"

"Mngu yupo."

Nikalia kwa hasira, na yeye mfiwa ndiye aliyenibembeleza. Meza ikaondoka.

Dawa nikawa nanunua mimi. Mwezi mshahara ukichelewa, mama hukata kidonge kwa kisu, ameze nusu, asiniambie. Mimi huviona vile vipande kwenye kisahani.

Siku aliyotolewa eda alikoga, akajifukiza udi, akavaa buibui jipya. Akanishika mkono mlangoni.

"Haya, mwanangu. Sasa nipeleke nikaandikwe."

Miezi yote ile sikuthubutu kumwambia kwamba hawakumngoja.