Tulitafuta mtoto miaka mitatu, kumbe shida ilikuwa night shift

Niaje wakuu. Hii ni yangu mwenyewe, si ya "rafiki yangu". Kama unataka stori ya kutungwa, pita tu.

Mimi huuza mapazia ya mitumba Gikomba. Mzee wangu ni machine operator kwa kiwanda cha plastiki huko Baba Dogo. Miaka mitatu kwa ndoa, mtoto hakuna.

Mama mkwe, ako Kakamega, alishaamua shida ni mimi. Akatuma dawa ya mizizi kwa chupa ya juice. Nikanywa. Ni chungu, msijaribu.

Alipokuja kututembelea akamwambia mzee, nikiwa hapo nasonga ugali, kwamba mwaka ukiisha hivi atamtafutia msichana mwingine. Iliniuma sana. Mzee akaenda kunawa mikono. Tukakula.

Wiki hiyo nikamburuta mzee clinic. Vipimo vyake sawa, vyangu sawa. Nurse akauliza period yangu. Nikamwambia haijawahi chelewa, kila wiki nne iko. Akamuuliza mzee yeye huwa kazini saa ngapi.

Wiki mbili mchana, wiki mbili usiku.

Nurse akavuta kalenda ya mezani. Halafu akatueleza yai hutoka kama wiki mbili kabla period ingine ije, na mimba hushika hizo siku chache za hapo karibu.

Kuangalia hivi, kila mwezi hizo siku mzee yuko night. Akirudi asubuhi mimi nishatoka, bale za mapazia sokoni hufunguliwa mapema. Nikirudi jioni ashaenda. Jumapili analala kama gunia. Akirudishwa day, siku zishapita, na period iko mlangoni.

Yaani bidii yote tuliifanya siku hazina kitu.

Sasa mzee ni mtu wa kwaya, ana haya. Supervisor akakataa kumbadilishia shift bila sababu. Ikabidi aiseme, wanaume wote wakisikia. Wakaijadili kama harambee. Mmoja mwenye watoto saba akajitolea kuchukua hizo usiku, na akasema hana haraka ya kurudishiwa mchana.

Mwezi wa pili wa hiyo shift mpya, period haikuja.

Tukampigia mama mkwe, simu iko loud. Akauliza, "Hiyo mimba ni ya nani, na wewe huwa kazini usiku?"

Mzee hajawahi kumjibu mamake tangu nimjue. Siku hiyo akajibu, polepole tu.

"Ni yangu, mama. Niliiombea ruhusa mbele ya shift nzima. Na bibi ninaye, usinitafutie."

Nilienda jikoni nikalia.

Sahi niko miezi mitano. Wadada, jueni siku zenu, halafu mwangalie mzee huwa wapi hizo siku. Wanaume, clinic mwende wawili kabla mama zenu waanze kuchimba mizizi.

Wenye mko night shift, nyinyi hufanyaje? Semeni hapa, hakuna mtu anawajua.